Neli Nyekundu

Mama anaikamua zebaki kwa kipande cha leso,
anakaza, anasokota, mpaka tone la mwisho
linarudi kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi.
Kinachobaki ni kidonge cha kijivu,
kidogo kama punje ya mahindi, kizito kama deni.

Sitasema uongo. Karo yangu ilitoka humo.
Kila muhula wa Tororo ulichomwa kwanza
juu ya jiko hili, kwenye kikaango hiki,
moshi ukipita vichwani mwetu
nasi watoto tumeinama, tukigombania
nani ataiona njano wa kwanza.

Leo nimerudi Tiira na sanduku la plastiki:
neli ishirini na nne, glavu,
kalamu ambayo wino wake haufutiki kwa maji.
Barasa anauliza kama nimekuja kuchanja ng'ombe.

Nimechota pale kijito kinapopinda nyuma ya mashimo,
maji maangavu, kokoto unazihesabu.
Nimechota kisima cha shule.
Nimekwangua masizi ya dari ya jikoni.
Nimemwomba Mama nywele chache za kisogoni,
akanikatia kwa wembe, akisema,
"Kumbe siku hizi wachawi wana vyeti."

Ninachokitafuta hakina harufu.
Chukua chumvi ya ncha ya kidole,
itie bwawani, koroga mwaka mzima,
kisha onja.
Ulimi wako utaapa kwamba hakuna kitu.
Lakini matope yanaonja. Dagaa anaonja matope,
sangara anamla dagaa,
sisi tunamnunua sangara, tunamkaanga, tunalamba vidole.
Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba.
Mwalimu hakututajia kibaba ni nani.
Sanya, mchimbaji wa zamani kuliko wote,
chai yake siku hizi hupewa nusu kikombe,
ile nusu nyingine mikono yake ingeimwaga.

Sasa tazama neli.
Ile nyekundu humo ndani ni dhahabu,
dhahabu iliyosagwa mpaka ikasahau kuwa njano,
chembe ambazo jicho haliziwezi,
kila moja imesimama mbali na mwenzake.
Zebaki ikiingia, hata ya kudokoa,
chembe zinashikana, zinajikunja pamoja,
na wekundu unakufa.

Kwenye karai la Mama, zebaki humkamata dhahabu.
Kwenye neli yangu, dhahabu humtaja zebaki.
Nililijua hili darasani, kwa kuchora mishale.
Sikujua litanitia haya hapa, mlangoni kwetu,
mbele ya mikono iliyonilea.

Maji ya kijito: nyekundu, nyekundu, kisha waridi chafu.
Maji ya kisima: nahesabu hadi mia mbili.
Zambarau. Zambarau ya tunda lenyewe,
ile inayobaki midomoni mwa watoto siku nzima.

Mama amechuchumaa kando yangu.
"Ile nyekundu ni dhahabu kweli?"
"Kweli."
"Gramu ngapi?"
"Mizani ya Hadudu haiwezi kuipima, Mama."
"Imimine hapa," akasema, akanisogezea karai,
tukacheka mpaka Barasa akaja kuchungulia.

Kisha akanyoosha kidole, bila kugusa.
"Na hii iliyogeuka, ya wapi?"
Nikamwambia.
Hakujibu. Barasa alikuwa bado amevaa sare.

Nywele zake haziwezi kusomwa hapa,
lazima ziyeyushwe kwa tindikali, Kampala.
Nimezitia kwenye bahasha, nimeandika *Taaka*,
umri, kijiji, miaka kazini: kumi na tisa.
Bahasha haina uzito. Naibeba kwa mikono miwili.

Jioni nilimwona akikichukua kile kichupa dirishani.
Alikigeuza kwenye mwanga, zebaki ikakimbia humo ndani,
ikagawanyika, ikaungana, nzuri kama siku zote.
Hakukitupa.
Alikipandisha rafu ya juu,
juu kidogo kuliko mkono wa Barasa unavyofika.

Kesho ni Jumatano.
Hadudu hununua siku za Jumatano.